Kundi la Wateja

Mama alikuwa ameshatoka na simu mkobani ndipo binti alipokumbuka lile gauni.

Si gauni la mteja, hapana. Ni picha ya gauni jeupe, ile ndogo inayokaa juu kabisa ya kundi la wateja wa mama kwenye simu. Kundi la mafunzo yake binti lilikuwa na picha ya viatu vya kijani. Na alipobonyeza kutuma video ya mafunzo, mama akiwa mlangoni anamhimiza amrudishie simu maana anachelewa, jicho lake lilipita juu ya kitu cheupe. Cheupe, si cha kijani.

Alitoka mbio hadi kona. Mama alikuwa ameshapanda gari na furushi lake la sare za shule, na hangerudi mpaka alasiri. Simu nyingine hawana. Binti akarudi kwenye duka lao la ushonaji anahema, akasimama katikati ya vitambaa.

Jamani, na ingekuwa video ya paka, watu wangecheka yakaisha. Ilikuwa yeye mwenyewe, ndani ya fulana ya zamani iliyombana, anapanda na kushuka kibao cha mbao mbele ya cherehani, mashavu yanatikisika, jasho linamtoka, anahesabu kwa sauti. Tangu aanze yale mafunzo ya mtandaoni ya vijana wenye uzito uliozidi, alikuwa anatuma picha za sahani tu: mboga nusu sahani, maji badala ya soda. Mwili wake hakuuonyesha. Shuleni walishambandika jina la Pipa, na hilo lilimtosha. Lakini dada mshauri anayewafundisha alimwambia kwa upole kwamba bila kumwona anavyokanyaga hawezi kujua kama anajiumiza. Asubuhi hii ndipo alipopiga moyo konde.

Angeweza kuyaacha mafunzo, nani angemshika? Ila muuguzi alishawaambia kwamba sukari yake ya damu inapanda. Na mama yake mkubwa, dada wa mama, alikatwa mguu kwa sukari hiyo hiyo kabla haijammaliza. Cherehani ya marehemu, ile ya kukanyaga kwa miguu, bado iko pembeni mwa duka, imefunikwa shuka. Binti alikuwa anaogopa kuchekwa, na alikuwa anaiogopa ile shuka. Siku nyingine shuka ndiyo ilikuwa inashinda. Leo hakujua.

Akaja mwalimu kuchukua suruali yake. Aliingia macho yakiwa kwenye simu, akatabasamu. Anatabasamia nini? Binti hakuthubutu kuuliza. Alimfungia nguo haraka haraka, akamuaga, na muda si mrefu mwalimu akarudi ameinua kaptula ya mtoto wa chekechea, anauliza kwa adabu kama hiyo ni mitindo mipya. Siku nyingine binti angecheka mpaka machozi. Leo machozi yalikuja bila kicheko, akainama chini ya meza akijifanya anatafuta uzi.

Kisha akaingia Redio. Jina lake la kweli watu walishalisahau. Jambo likimwingia sikioni asubuhi, mchana mtaa mzima unalo. Mama mnene wa kujaza mlango, mcheshi, ulimi hauna breki. Kama kuna mtu binti alikuwa anaomba asifungue simu leo, ni huyo.

Alimwamkia. Redio akaitikia, basi. Hakuuliza mama yuko wapi, hakumsengenya mtu. Akaenda nyuma ya pazia kujaribu gauni lake, akatoka, akasimama mbele ya kioo. Kiunoni halikufunga. Binti akapiga magoti kuweka pini. Sasa atasema, aliwaza. Sasa atacheka. Bora acheke yaishe.

"Nimekuona leo," Redio alisema.

Pini ikamchoma binti kidole.

Redio akageuka kutazama mlangoni kama kuna mtu, kisha akapunguza sauti, yeye asiyejua kuipunguza. "Kile kibao unachopanda. Magoti hayaumi?"

Binti aliinua macho. Uso wa yule mama haukuwa na kicheko hata kidogo. Alikuwa anaogopa, na binti aliijua vizuri hofu hiyo.

"Yaliuma mwanzoni," alisema. "Ukikanyaga kwa mguu mzima, si vidole tu, yanatulia."

"Mguu mzima."

"Ndiyo, mama."

Redio alijitazama kiooni muda mrefu. "Na mimi wameniambia ni sukari," alisema. "Sijamwambia mtu. Na wewe, mwanangu, usimwambie mtu."

Akavua gauni, akaliacha lipanuliwe, akaondoka. Mlangoni alipishana na mama aliyekuwa anarudi. Mama akatua mkoba, akamkabidhi binti simu, akilalamika kwamba imetetemeka njia nzima, hebu aangalie hao wateja wanataka nini.

Binti akafungua kundi lenye gauni jeupe. Video ilikuwa pale. Chini yake majibu yalikuwa yamejipanga, mengi, hakuyasoma. Alibonyeza kufuta, na simu ikamuuliza kama aifute kwa wote. Kidole kikabaki hewani. Akatazama nje.

Redio hakuwa amefika mbali. Alikuwa amesimama mbele ya duka la jirani lililofungwa, penye ngazi moja ya saruji. Aliweka mkoba chini, akaangalia huku, akaangalia kule. Kisha akaweka mguu juu ya ngazi, mguu mzima, akapanda. Akashuka. Akashika ukuta, akapanda tena.

Simu ikatetemeka mkononi mwa binti.