Kamati Yakagua Wingu

Winfrida alikuwa ameshachoka kueleza. Wiki tatu nzima alilinganisha kampuni tatu zinazokodisha nafasi mtandaoni, akachora na jedwali: ipi ina kasi, ipi haizimiki hovyo, ipi hata aliye juu mlimani na kisimu chake ataifungua. Programu aliyowatengenezea wakulima wa kabichi wa Uluguru ilikuwa tayari. Ilikosa pa kukaa tu. Na Ijumaa saa nne asubuhi Yunusi, mnunuzi wa Dar, angeifungua auone mzigo uliopo. Asipouona, malori yake yangekwenda Lushoto.

"Hizo kompyuta zenyewe ziko wapi?" Mzee Mikidadi, mwenyekiti wa chama cha wakulima hao, aliuliza kwa mara ya nne.

"Nje ya nchi, baba. Ndiyo maana wanaziita wingu."

"Mwanangu, chama hiki hakiweki mali mahali kamati haijapakagua. Mwaka ule tulipeleka maharage kwenye ghala la kuambiwa. Mpaka leo ghala hatujaliona, wala maharage."

Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Winfrida alitamani kulia. Sasa awapandishe ndege wazee saba wakapige hodi kwa kompyuta? Akaeleza tena kwamba mashine zile ni nyingi, moja ikizimika nyingine inapokea. Wapi! Alikuwa anampigia mbuzi gitaa.

Alhamisi kamati ikaenda Mafiga, kwenye duka la fotokopi la Rogers. Ikaiona kompyuta yake chini ya meza, ikaipapasa, ikaandika muhtasari, na wote saba wakatia saini. Winfrida akaihamishia programu humo huku amevimba kwa hasira.

Ijumaa alfajiri wakulima wakakata kabichi. Saa tatu na nusu umeme ukakatika Mafiga. Saa nne Yunusi akafungua simu yake, akaona ukurasa mweupe. Winfrida akampigia, akamsomea hesabu yote ya mzigo kutoka kichwani.

"Dada, mzigo wa kuambiwa kwa simu sichukui," Yunusi akasema. "Madereva wameshaondoka kwenda Lushoto."

Winfrida akampigia mwenyekiti. Kabichi zote zile zimekatwa, alisema, na mnunuzi amekwenda.

"Tulia, binti yangu," Mzee Mikidadi akamjibu kwa upole. "Niko hapa kwa Rogers, nimekuja kukagua mwenyewe. Kompyuta ipo palepale. Hakuna aliyeigusa."