Madigadi ya Kulia

Mjomba alileta gari Jumatatu asubuhi, akaliingiza karakanani mwenyewe. Haikuwa kawaida yake. Siku zote humrushia mpwa wake, fundi wa kung'arisha magari, funguo na kwenda zake.

"Lipake ile dawa ya kulinda rangi," alisema. "Nataka kuliuza."

"Dawa huja mwisho, Mjomba," fundi alimjibu akicheka. "Ukiipaka juu ya uchafu, uchafu huo umeuwekea ulinzi. Nipe siku tatu."

"Mbili. Na madigadi ya kulia usihangaike nayo. Nilikwaruza geti, nikapapiga rangi."

Fundi akakubali. Huyu ndiye aliyemlea tangu baba yake afariki, akamsomesha ufundi, akamnunulia mashine ya kwanza ya kung'arishia. Mjomba akisema kaa, yeye alikuwa ameshakaa.

Aliliosha gari mara mbili, akalikausha, kisha akaanza kulipitishia udongo laini unaonata, ule unaonasa lami na vumbi la chuma vilivyoshinda sabuni. Kazi hiyo hutaka vidole kuliko macho. Milangoni vidole viliteleza vizuri. Kwenye madigadi ya kulia, bati la juu ya gurudumu, vikakwama: rangi ilikuwa na chengachenga, imepulizwa mbiombio. Akaweka kipimo cha unene wa rangi. Kushoto kilisoma mia na kumi. Kulia, mia nne na zaidi. Chini ya rangi kulikuwa na kiraka kizito. Geti gani hilo la kubonyeza bati namna ile?

Akawasha taa ya kukagulia mikwaruzo, akapiga magoti. Kwenye upenyo kati ya bampa na taa ya mbele, kitu kikamrudishia mwanga, mweupe, mkali. Akakivuta kwa koleo. Kilikuwa kipande cha utepe wa kung'aa, kimeshikizwa kwenye kitambaa cha njano kwa uzi mwekundu.

Uzi ule aliujua.

Ng'ambo ya barabara alifanya kazi mama mmoja mshonaji, ambaye mumewe alikuwa mlinzi wa shule. Wiki tatu nyuma, alfajiri, mvua ikinyesha, mlinzi aligongwa akienda kazini. Gari halikusimama. Walimkuta mtaroni kumekucha kabisa, na daktari alisema angewahishwa angepona. Kizibao chake cha njano kilikuwa kimechanika siku nyingi, na mkewe alikishona kwa uzi mwekundu kwa kuwa ndio uliokuwepo. Mtaa mzima ulimtania: "Mlinzi, leo umevaa bendera ya nchi gani?"

Fundi alikitia kile kipande kwenye bahasha, akaitoa betri ya gari, akafunga karakana. Nyumbani hakula. Mama yake alimuuliza ana nini, akasema kichwa.

Jumanne mshonaji alivuka barabara na furushi la vitambaa laini vya kufutia magari, kama kila wiki.

"Mbona leo mashine haingurumi, mwanangu?"

"Napumzika kidogo, mama."

"Pumzika. Kazi haiishi, mtu ndiye anayeisha."

Fundi alishindwa kumtazama.

Jumatano mjomba akaja. Fundi akakiweka kile kipande juu ya boneti. Mjomba hakuuliza ni nini.

"Nilidhani ni mbwa," alisema.

"Ulishuka kuangalia?"

Mjomba akageuzia uso mlangoni.

"Mjomba, ulishuka?"

"Nilishuka." Akajibwaga juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Alikuwa anapumua. Aliniita bosi. Akasema, bosi, nisaidie mguu. Nikaogopa."

Fundi akaegemea ukuta. Siku mbili alikuwa akiomba asikie jingine lolote.

"Sasa wewe maliza kazi," mjomba akasema. "Yule hatarudi. Mimi ndiye nipo. Damu nzito kuliko maji, mwanangu."

"Na ile ya mtaroni ilikuwa maji?"

Mjomba akainuka, akaingia garini, akazungusha ufunguo. Gari halikuitika. Akazungusha tena na tena, kisha akalaza kichwa kwenye usukani akilia kwa sauti. Fundi akatoka nje kuwapigia simu polisi, namba akazikosea mara mbili.

Mjomba alikiri siku ileile. Akafungwa miaka saba.

"Umemzika kaka yangu akiwa hai," mama yake alimwambia fundi, akafunga mizigo yake na kuhamia kwa wifi yake, mke wa mjomba. Hajapokea simu ya mwanawe tangu hapo.

Baada ya hukumu, mshonaji alivuka barabara mikono mitupu.

"Ulijua lini?"

"Jumatatu."

"Jumanne nilikuletea vitambaa."

"Ulileta, mama."

"Tukaongea."

"Tukaongea."

Mshonaji akageuka, akarudi kwake. Siku hizi cherehani yake ameigeuza, akishona anaipa barabara mgongo.

Kila mwezi fundi hupeleka gerezani sabuni, dawa ya meno na blanketi. Askari wa getini huvipokea, huingia navyo, halafu hutoka navyo vilevile.

"Mzee amekataa," humwambia. "Anasema hana mpwa."