Tarakimu ya Jino Lililorudi

Saa tatu asubuhi, siku ya Jumanne, mpimaji alikuwa ameshakagua vinywa sita. Alikaa kwenye kiti cha plastiki ukumbini, mgongo kwa dirisha ili mwanga uwaangukie watu usoni, mkono wa kushoto una kioo kidogo chenye mpini, wa kulia una kijiti cha chuma. Karani alikaa pembeni na fomu zake. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu na sikio lake moja lilikuwa zito, kwa hiyo mpimaji alisema kwa sauti. Sufuri. Sufuri. Moja. Sufuri. Tatu. Nne. Sufuri ni jino zima, moja ni jino bovu, tatu ni jino lililooza likazibwa, nne ni jino lililooza likang'olewa. Karani aliandika, mtu akafunga mdomo, akashukuru, akaondoka, akaketi mwingine.

Kuna siku mpimaji alifika nyumbani akagundua kwamba tangu asubuhi hakuwa amemwambia binadamu yeyote kitu kisichokuwa tarakimu. Mumewe alifariki miaka saba iliyopita. Binti yake alifanya kazi mbali. Nyumbani palikuwa na redio, na redio ina kawaida ya kusema bila kusikiliza.

Utafiti ulikuwa wa kuamua pa kuweka kiti cha matibabu ya meno. Kilikuwa kimepatikana kimoja tu, na mitaa ilikuwa miwili: mtaa wa juu wenye lami na maua getini, na mtaa wa chini ulio nyuma ya maghala. Kabla ya kazi kuanza kamati ilikaa siku mbili kuchagua fahirisi, yaani kipimo cha kugeuza kinywa cha mtu kiwe namba moja. Palikuwa na kipimo kilichotaka watu waulizwe wanavyokula na wanavyolala. Mtakwimu alikikataa, akasema maumivu hayana msimamo, leo mtu anaumwa, kesho hajambo. Kingine kilitaka usaha na vidonda vihesabiwe peke yake. Hicho kilipendwa, ila hakikuwahi kutumika miaka ya nyuma, na namba isiyo na mwenzake wa kulinganishwa naye haiandikiwi ripoti. Wakarudi kwenye kile cha siku zote: hesabu mabovu, jumlisha yaliyong'olewa, jumlisha yaliyozibwa. Ni chepesi, kinachukua dakika tatu, na wapimaji wawili wakitazama kinywa kimoja hupata jibu moja.

Mpimaji alinyoosha mkono. Alisema aliyezibwa jino alipata matibabu, aliyeng'olewa aliyakosa, hivyo hawawezi kuwa sawa.

"Dada yangu," mtakwimu alimjibu kwa upole, "kwenye fahirisi kila mmoja wao ana moja."

Mtafiti mkuu aliandika kwamba hoja imesikika, kisha wakaenda kunywa chai.

Sasa, mtu wa saba Jumanne ile alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa chini, mama wa miaka sitini na kitu, sindano mbili amezichomeka kwenye ukosi wa blauzi. Alifungua mdomo nusu, na kiganja kilikuwa karibu, tayari kuufunika. Chonge la juu upande wa kulia halikuwepo. Mpimaji akasema nne. Halafu, bila kujua ni kitu gani kilimtuma, akamuuliza jino lile lilitoka lini, na lilitokaje.

Swali hilo halikuwamo kwenye fomu. Karani akaweka kalamu chini, akangoja.

Fundi akaeleza. Lilianza kumuuma akiwa na miaka ishirini na mbili, posa yake imeshapokelewa. Lilikuwa tundu dogo la kuzibika, tatizo pa kuzibia hapakuwepo. Alilivumilia miezi minane, mpaka uso ukavimba, akaenda kwa mng'oaji wa sokoni, akaolewa na pengo. Tangu hapo hakucheka bila kufunika mdomo. Mumewe alikuwa mtu wa mizaha, na mizaha yake ilikuwa mizuri kweli, lakini kila alipomchekesha mkewe aliona kiganja tu, basi akaamini kwamba anadharauliwa. Fundi alikusudia kumweleza. Aibu ndogo, hata hivyo, huahirishwa zaidi kuliko aibu kubwa. Ikapita miaka thelathini, mume akafa na imani yake.

"Na hujapata kumwambia mtu?" mpimaji aliuliza.

"Hakuna aliyeniuliza."

Maelezo hayo yalichukua dakika kumi na moja. Karani alisema taratibu kwamba foleni imefika nje. Lakini kuanzia siku ile mpimaji akawa anamuuliza kila mwenye pengo, mtaa wa chini na mtaa wa juu bila ubaguzi, na jioni akirudi nyumbani alikuwa na mambo ya kufikiria akiosha sahani yake moja.

Utaratibu wa utafiti ulitaka kila mtu wa kumi aitwe tena baada ya wiki mbili akaguliwe upya, ili ijulikane kama mpimaji anakubaliana na nafsi yake. Fundi aliangukia kwenye hesabu hiyo. Alikuja, akaketi, akafungua mdomo.

"Moja," mpimaji alisema alipofika kwenye chonge.

"Mara ya kwanza ulisema nne," karani alimkumbusha.

Mpimaji akatazama tena. Jino lilikuwepo. Lilikuwa chonge la msichana, jeupe kuliko wenzake wote kwa sababu halikuwa limetafuna chochote kwa miaka arobaini, na ubavuni mwake palikuwa na lile tundu.

"Ni moja," alisema. Karani akaandika.

Fundi akaeleza kwamba lilirudi Jumamosi, alipokuwa anakata uzi kwa meno. Mwanzoni alidhani ameuma sindano. Mpimaji akauliza kama linauma, na fundi akajibu kwamba linauma vilevile lilivyokuwa likiuma. Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayemtaja mpangaji wake wa zamani.

Wiki hiyo mlinzi wa ghala alirudi na magego matatu aliyoyaaga alipokuwa kuli. Mwuza mkaa alirudi na mawili. Katika watu thelathini wa mtaa wa chini walioitwa tena, kumi na mmoja walikuwa wamerudiwa na meno yao, kila jino limekuja na ubovu wake. Mtaa wa juu hakurudiwa mtu. Mapengo yalikuwa machache, nayo meno yaliyozibwa hayakuwa na safari ya kurudi, kwani hayakuwahi kuondoka.

Mtafiti mkuu alimwita mpimaji ofisini. Alikuwa mtu mstaarabu, mwenye kikombe cha kalamu za risasi mezani, zote zimechongwa. Alimwonyesha karatasi. Mwezi uliopita mpimaji alikubaliana na nafsi yake mara tisini na mbili katika mia. Sasa zilikuwa hamsini na nane. Mtafiti mkuu alisema mpimaji wa namna hiyo ni kama mizani inayompima mtu kulingana na siku. Mpimaji akamwambia meno yanarudi. Basi mtafiti mkuu akavaa glavu, akashuka mwenyewe hadi kwa fundi, akatazama, akagusa.

"Ni kweli, lipo," alisema alipotoka. "Shida ni kwamba hatuna tarakimu ya jino lililorudi."

"Tunaweza kuiweka."

"Katikati ya utafiti?" Alivua glavu, akazikunja. "Usiwaulize tena, mama. Kagua, taja, basi."

Aliyewatuliza wote alikuwa mtakwimu. Alikaa na hesabu zake siku mbili, akaja na uso mkunjufu. Aliwaonyesha kwamba jino lililong'olewa ni moja kwenye jumla, na jino bovu ni moja kwenye jumla. Mtu akirudiwa na jino, anapungukiwa moja upande huu na kuongezewa moja upande ule. Hata yangerudi meno ya ulimwengu mzima, alisema, jumla isingetikisika. Ndio uzuri wa fahirisi hii, haiyumbi. Kamati ikafurahi. Mpimaji aliitazama ile karatasi muda mrefu, akitafuta kosa la hesabu, na kosa la hesabu halikuwepo.

Ripoti ilisomwa kwa wananchi kwenye ukumbi uleule. Kusoma alipewa mpimaji kwa kuwa watu walimzoea. Alisoma kwamba fahirisi ya mtaa wa juu ni wastani wa meno matatu nukta mbili kwa kila mtu, na ya mtaa wa chini ni matatu nukta mbili. Kwa kuwa hali za mitaa zinalingana, kiti kitawekwa penye umeme wa uhakika na nafasi ya kuegesha magari, yaani juu, na kitazinduliwa mgeni rasmi atakapopata nafasi.

Mlinzi wa ghala alisimama, shavu moja limetuna.

"Kwa hiyo na wao wanatafunia upande mmoja?"

Watu wakacheka kidogo. Mpimaji akajibu kwamba hapana, wao meno yao yamezibwa. Mlinzi akauliza sasa kulingana kwenyewe kumetokea wapi. Mpimaji akasema kumetokea kwenye kujumlisha. Mlinzi akafikiri, akasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, akaketi.

Mgeni rasmi hakupata nafasi mwezi ule, wala uliofuata. Kiti kilikaa stoo ya mtaa wa juu ndani ya boksi lake. Mpimaji aliandika barua mbili kuomba kifunguliwe wagonjwa watibiwe wakati uzinduzi ukisubiriwa, akajibiwa kwamba barua zake zimepokelewa. Jumapili alikwenda kwa fundi na vifaa vya mkono, akajaribu kuliziba lile tundu, lakini lilikuwa limefika kwenye mshipa, na dawa ilidumu siku nne. Wiki ya tatu baada ya hapo uso wa fundi ukavimba kama ulivyovimba alipokuwa mchumba. Jicho la kulia likaanza kufumba. Wote wawili walijua kinachofuata.

"Nipe siku moja," fundi alisema. "Nina mtu wa kumwonyesha."

Walikwenda makaburini asubuhi, baada ya umande kukauka. Fundi alikumbuka mzaha mmoja wa mumewe, wa fundi saa na mteja kiziwi, akausimulia mwenyewe mwanzo hadi mwisho, vibaya, akiruka sehemu na kuirudia, na ulipofika pale panapochekesha aliiteremsha mikono yake kando, akacheka. Alicheka mdomo wazi, uso umevimba upande, chonge limetokeza jeupe, na machozi yanamtoka kwa maumivu. Mpimaji alisimama hatua chache nyuma, akishika mikoba ya wote wawili. Fundi akangoja kiasi, akafuta uso kwa khanga, akasema twende.

Jino alilitoa mpimaji mwenyewe, kwenye chumba cha kushonea, fundi ameketi kando ya cherehani na kichwa kimeegemea kifuani pake. Sindano ya ganzi haikufanya kazi vizuri kwa sababu ya usaha. Mpimaji alimwomba radhi mara tatu. Lilipotoka, fundi aliliomba, akalitazama, akaliweka kwenye kopo la vifungo.

Nje mtu alipita akiuliza kama suruali yake iko tayari, akaambiwa kesho.

"Na wewe mdogo wangu," fundi alisema, pamba ikiwa mdomoni, "wewe anakukagua nani?"

Mpimaji akasema hakuna. Fundi akamgeuza uso kuelekea taa ya cherehani, akamwambia afungue. Alihesabu kwa kidole, jino moja moja, juu na chini, kama anayehesabu vifungo vya koti la mteja. Mpimaji alikuwa hajaguswa uso na mtu kwa miaka saba. Alifumba macho.

"Yote yapo," fundi alisema. "Kilichokutoka wewe si jino."

Mpimaji akamsimulia. Alianza na jinsi mumewe alivyokuwa akiacha mlango wa bafuni wazi, akaendelea mpaka taa ikahitajika kwa ajili ya suruali ya watu. Jumamosi iliyofuata alisafisha nyumba, akapika cha watu wawili, akakaa barazani hadi chakula kikapoa. Jumamosi nyingine akakaa tena. Baadaye akaona kwamba kurudi ni jambo la meno peke yake, akarudi kupika cha mmoja.

Mtaa wa chini wale wengine nao walikwenda sokoni, mmoja baada ya mwingine, usaha ulipowazidi. Mng'oaji alikuwa mzee sasa. Aliliinua gego moja la mlinzi kwenye mwanga, akasema hili tunafahamiana, akaendelea na kazi.

Mwezi wa tano kamati iliagiza ukaguzi wa tatu, wa mwisho, kwa watu walewale thelathini, ili dosari iliyotokea isafishwe. Mpimaji aliketi mgongo kwa dirisha. Hakuuliza kitu, na wao, wakimwonea huruma, hawakueleza. Alitaja, karani akaandika. Nne. Nne. Nne. Tarakimu zikalinganishwa na za mara ya kwanza, zikakubaliana mara tisini na sita katika mia, kiwango ambacho mtakwimu alisema hajakiona tangu aanze kazi. Ukaguzi wa pili ukaondolewa kwenye kumbukumbu. Mtafiti mkuu alimwandikia mpimaji barua ya pongezi, akaitia sahihi kwa kalamu aliyoichonga upya.

Jioni hiyo binti yake alipiga simu. Mpimaji akamwambia amepewa barua ya pongezi kazini.

"Ya nini, mama?"

"Nimesema kitu kilekile mara mbili."

Binti akasema hongera, mama. Kisha akasema kuna mtu anamwita ofisini, wataongea siku nyingine.