Pindo la Ndani

"Ndani, jamani, ndani! Hilo pindo lipelekeni ndani!"

Mama Kanji alikuwa akipita katikati ya meza za kukunjia, akipapasa marundo ya shuka kwa kiganja. Jina hilo alibandikwa na wenzake, kwa sababu koti lake jeupe la kazi lilikolea kanji hata ukilivua na kuliweka chini lingesimama lenyewe. Alikuwa msimamizi wa kufulia katika hospitali ile, lakini wa kukaimu. Kuthibitishwa kwake kulikuwa mkononi mwa Mkurugenzi, na kama mambo yangekwenda sawa angethibitishwa wiki hiyo hiyo.

Sasa, msidhani habari ya pindo ni urembo. Tangu zamani, shuka lililopita kwenye boila likachemshwa lilikunjwa pindo likiwa ndani. Lililosuuzwa tu kwa maji baridi, likingoja kuchemshwa, lilikunjwa pindo likiwa nje. Nesi wa wodini akiona pindo nje halitandiki. Anakurushia rundo zima na maneno juu yake. Sheria hiyo haikuandikwa popote, mikono ndiyo iliyorithishana.

Boila ilikuwa imekufa tangu mvua zilizopita. Walisema kipuri kiko njiani, na njia hiyo sijui ilipitia wapi, maana hakikufika. Dizeli ya boila, lakini, iliendelea kuletwa bila kukosa. Iliingia kwa lango la mbele, ikatoka kwa lango la nyuma juu ya gari la Mkurugenzi. Boila mbovu hainywi, ndugu zangu, na mtu mwenye kufaidi ubovu wake atahangaika na kipuri cha nini? Watu waliona, wakatazama pembeni. Bei ya unga ilipanda, nauli ikapanda, nani angechezea kazi?

Manesi walipoanza kurudisha shuka, Mkurugenzi alimwita Mama Kanji ofisini na kumwambia kwa sauti ya upole, "Wewe ni kiongozi sasa, mama. Kiongozi halalamiki. Anatafuta njia."

Na njia akaipata. Hapo ndipo penye aibu yake, na yeye alipajua. Mkurugenzi hakujua hata pindo ni kitu gani. Ni Mama Kanji mwenyewe, kwa kinywa chake, aliyewaambia wenzake wakunje zote pindo ndani. Pasi ni ya moto, aliwaambia, pasi inaua kila kitu.

"Mwanangu," alisema Bi Mvuke asubuhi hiyo, bila kuinua macho kwenye shuka alilokuwa akilikunja. Huyu alikuwa mtunza boila kabla boila haijafa, mama mtu mzima, na ndiye aliyemfundisha Mama Kanji kazi. "Binti yako amejifungua salama?"

"Salama, mama. Kwa kupasuliwa lakini. Mjukuu wa kiume, ana sauti hiyo! Yuko wodi ya wazazi."

"Mungu mkubwa. Na huo mfuko chini ya meza?"

Mama Kanji akausukuma mfuko kwa mguu. "Vitu vya mgonjwa tu."

Ndani ya mfuko mlikuwa na shuka la maua kutoka nyumbani. Alikuwa ameamka alfajiri, akalichemsha kwenye sufuria kubwa mpaka mkaa wa siku mbili ukaisha, akalipiga pasi pande zote. Bi Mvuke aliutazama mfuko kidogo, kisha akaendelea kukunja. Pindo ndani.

Kabla ya adhuhuri waliitwa wote ukumbini. Kulikuwa na semina ya uadilifu na uongozi bora. Ukuta ulikuwa umetundikwa kitambaa kipya chenye maandishi makubwa, kila mtu akapewa fulana, na nyuma ya ukumbi chupa za chai zilikuwa zimepangwa, watu wakizihesabu kwa macho. Mkurugenzi alikaa mbele, amekunja nne. Mwezeshaji, kijana mtanashati mwenye tai, alitembea huku na huku na kipaza sauti.

"Uadilifu ni kutenda lililo sawa hata kama hakuna anayekuona," alisema. "Tuseme pamoja!"

Wakasema pamoja. Mpishi aliyekaa karibu na Mama Kanji akanong'ona, "Na ukitenda lisilo sawa huku wote wanakuona, hiyo nayo inaitwaje?" Safu nzima ikabana kicheko.

"Kuna swali?"

Mkono mmoja ukapanda. Mama Kanji aliujua mkono ule kabla hajageuka, maana ulikuwa na kovu la mvuke toka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

"Mwalimu, mimi natoka kufulia," alisema Bi Mvuke. "Shuka ambalo halijachemshwa, ukalikunja kama lililochemshwa, ukampelekea mgonjwa mwenye kidonda. Katika somo lako hilo linakaa wapi?"

Hata wa kwenye chai wakaacha kugonganisha vikombe. Mwezeshaji alitabasamu kama mtu aliyeulizwa njia katika mji asioujua. Mkurugenzi akageuka polepole kitini.

"Bahati nzuri msimamizi wao yupo," alisema. "Mama, hebu tuondolee wasiwasi."

Kipaza sauti kilipita mkono kwa mkono hadi kwake. Mama Kanji akasimama. Alikuwa na maneno mawili tu ya kuchagua, ndiyo au siyo, na yote mawili yalikuwa ya moto. Akakiona cheo. Akamwona binti yake, ambaye mume wake hana kazi, na mjukuu wa jana.

"Shuka zetu zote zinachemshwa," alisema, na sauti yake ikarudi kutoka kwenye spika kubwa kuliko alivyoikusudia. Angekomea hapo, afadhali. Lakini kimya kilimtisha, akaongeza, "Mama yetu huyu tumsamehe. Umri nao umekwenda, anachanganya mambo."

Watu wakacheka. Si kicheko cha kumcheka mtu hasa, ni kile cha kushusha pumzi. Bi Mvuke hakujitetea. Aliketi, akalaza fulana mpya mapajani, akaanza kuikunja taratibu. Uso wa Mama Kanji ulikuwa unawaka, akatamani ardhi ipasuke. Chai ilipoletwa hakuigusa.

Mlangoni Mkurugenzi alimgusa bega. "Umejibu kiutu uzima. Suala lako nitalimaliza leo. Ila yule bibi, kuanzia kesho akafagie uwanja. Mwambie wewe, ni mtu wako."

Akamkuta Bi Mvuke kando ya boila, anafuta vumbi kwenye chuma kilichopoa, kazi ambayo hakuna aliyemtuma.

"Bi Mvuke... wamesema kuanzia kesho uende uwanjani. Ufagie."

"Wamesema wao?"

"Nisamehe, mama. Ningefanyaje?"

"Ufagio siuogopi, mwanangu. Nyumbani kwangu ninafagia kila siku na wala silipwi." Alikikung'uta kitambaa. "Kilichoniuma ni hayo ya umri. Ungeniita mwongo ningekuelewa." Kisha, kwa sauti ile ile ya siku zote, akasema, "Haya, nenda kamwone mzazi wako. Na shuka lako usilisahau."

Ee, mtu mzima akikuvua nguo hahitaji kukugusa. Mama Kanji aliuchukua mfuko, akapanda ngazi za wodi akitazama miguu yake.

Binti yake alikuwa amelala chali, mtoto ubavuni. Mama Kanji akamsaidia kugeuka polepole, akaliondoa shuka la hospitali, akatandika la maua. Kwenye kitanda cha pili alilala msichana mmoja, naye amepasuliwa, midomo imemkauka, na pembeni yake hapakuwa na ndugu wala chupa ya uji.

"Mama, wewe si wa kufulia?" msichana aliuliza. "Shikamoo. Nesi anawasifu sana. Anasema shuka zenu hana haja hata ya kuzikagua."

"Marahaba, mwanangu."

Binti yake akapapasa yale maua. "Sasa mama, kama ni hivyo, la nini la nyumbani? Za kwenu zina nini?"

Mama Kanji akachomeka pembe za shuka chini ya godoro. Msichana wa kitanda cha pili alimtazama yeye, akalitazama shuka la maua, halafu akalitazama lile jeupe alilolalia. Hakuwa mjinga. Alijiinua kidogo kwa kiwiko kama mtu anayetaka kushuka, maumivu yakamrudisha.

"Na sisi ambao hatuna la nyumbani?" aliuliza.

Mama Kanji alitoka hadi kwenye kabati la wodi. Akashusha rundo lote la shuka, akakunjua la kwanza, akalikunja upya. Pindo nje. La pili, pindo nje. Mikono ilikwenda yenyewe, na machozi nayo yalikwenda yenyewe. Alikuwa amefika katikati ya rundo wakati nesi wa zamu aliposimama mlangoni.

"Mama Kanji, unafanya nini?"

Mama Kanji akamwonyesha lile alilolikunja upya. Nesi akalitazama pindo. Uso wake ukabadilika.

"Tangu lini?"

"Tangu mlipoacha kuturudishia shuka. Boila haikupona."

"Na mimi nimekuwa nikiwatandikia watu wenye vidonda?"

"Wewe hukujua. Mimi nilijua."

Nesi alifungua kinywa apige kelele. Wakati huo huo magurudumu yakalia kwenye korido. Mzazi mwingine alikuwa akiletwa kutoka chumba cha upasuaji, anatetemeka. Nesi akatazama kabati tupu, akatazama rundo, akatazama kile kitanda kisicho na kitu juu ya godoro la plastiki.

"Za kuchemshwa ziko wapi?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Nesi akaokota la juu, lenye pindo nje, akalirusha juu ya godoro.

"Shika upande huo," alisema bila kumtazama.

Mama Kanji akashika.