Nyasi Zilizolala Sabato

Ijumaa ile Truphena alichelewa kuwasha moto, na pipa la nyasi za kuoteshea uyoga lilipokwisha kuchemka jua lilikuwa linazama nyuma ya Uriri. Helen, jirani yake Mkatoliki, alisimama mlangoni akipangusa mikono kwa leso.

"Mama Stanley, niachie mbegu nikupandie. Nyasi zikipoa zataka mbegu siku hiyohiyo."

"Sabato imeingia, mama. Sifanyi, wala sitamtuma mtu anifanyie." Truphena akaongeza kwa kicheko kidogo, "Ninyi mnaojipumzisha Jumapili hamwezi kujua."

Akazifunga nyasi guniani zikiwa na joto lake, akaenda kuoga. Jumamosi jua lilipotua, alifungua gunia likamnukia uchachu. Alijua zimeharibika. Hata hivyo alizijaza kwenye mifuko, akatia mbegu tabaka kwa tabaka, akaining'iniza katika nyumba ya uyoga ya kikundi, juu ya mifuko ya Helen.

Baada ya muda ukungu wa kijani, kama unga uliovunda, ulionekana kwenye mifuko ya wote wawili. Mama Dorine, mwenyekiti, akawaita kina mama.

"Huyu Helen alionea kuni huruma, hakuchemsha nyasi zikaiva. Mama Stanley twamjua, pipa lake huchemka hadi mwisho. Kuni za kupikia chai anazo, za nyasi hana."

Wengine wakacheka. Sharti la kikundi lilijulikana: aliyeleta ukungu hutoa mifuko yake yote ikatupwe, na msimu ujao hapandi. Helen alimtazama Truphena mara moja tu, kama anayesubiri mtu amalize kumeza.

Truphena akainama, akajifanya anafunga kamba.

Helen akabeba mifuko yake hadi shimo la taka, hata ile iliyokuwa safi, iliyoanza kutoa vichwa vidogo vya kijivu kama masikio ya panya. Truphena akamsaidia kubeba. Mfuko wa mwisho ulipoanguka, ukapasuka, ndipo ulimi ukamfunguka.

"Mama Dorine, ni nyasi zangu. Zililala guniani tangu Ijumaa. Mimi ndiye wa kutopanda."

Hakuna aliyecheka. Helen akakung'uta leso yake.

"Ungesema mifuko ikiwa bado ndani, Mama Stanley," akasema taratibu, akaondoka.

Truphena akashuka shimoni. Akaanza kuokota vile vichwa vidogo, akivipuliza udongo kimoja kimoja, naye anajua kabisa kwamba havirudi tena.