Mara Tatu Kati ya Elfu Sita

Ijumaa saa nne asubuhi, zikiwa zimebaki siku tatu tu masanduku arobaini yapelekwe Homa Bay, mtambo wa Scovia uliikataa programu ya bosi wake.

Karakana yao ilikuwa Migori mjini, ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Walikuwa wakiunda masanduku ya chaji: betri kubwa inayojazwa na sola, yenye matundu ya USB-C, kwa ajili ya zahanati ambako stima hupotea ikipenda na kurudi ikitaka. Programu mpya ya ndani, ile inayoamua kila tundu litoe nguvu kiasi gani, ilikuwa imeandikwa na mwenye karakana mwenyewe, Cephas Ombati. Maana tundu la USB-C halimwagi umeme ovyo. Kifaa kikichomekwa hupewa kwanza volti tano, kisha mazungumzo huanza. Sanduku hutaja linachoweza kutoa, nacho kifaa huomba kinachokitosha. Simu huomba tisa, laptopu ishirini. Vikishapatana ndipo nguvu inapanda.

Kazi ya Scovia ilikuwa kuyajaribu mazungumzo hayo. Badala ya kukaa kutwa akichomeka na kuchomoa kwa mkono, alikuwa ameunda mtambo wa kumfanyia: safu ya swichi, kompyuta ndogo, na vipande vya elektroniki ambavyo mara vinajifanya simu, mara laptopu, mara kebo mbovu. Tangu Jumatano ulikuwa umepiga raundi elfu sita. Mara tatu uliandika kwa rangi nyekundu: IMESHINDWA.

"Mara tatu kati ya elfu sita," Cephas alisema, akiinama kwenye skrini. "Hiyo si hitilafu, Scovia. Ni hizi waya zako tu. Mimi nimejaribu hii kitu siku mbili nzima na simu yangu mwenyewe. Iko sawa."

"Umeijaribu mara ngapi, Injinia?"

"Mara nyingi."

"Mia zinafika?"

Cephas alicheka. Hakuwa mtu mbaya. Scovia alipofika hapo kutoka Sindo akiwa bado mwanafunzi wa chuo, Cephas ndiye aliyemfundisha kulehemu bila kuunguza vidole. Lakini programu ile alikuwa ameibeba miezi mitano, na nani hufurahia kuambiwa mtoto wake ana kasoro?

Scovia aliuamini mtambo wake. Alijua pia kwamba kuamini si ushahidi. Basi akaanza kwa kuushuku. Alirudisha programu ya zamani kwenye sanduku lile lile, kwa waya zile zile, akauacha upige. Nyekundu haikutokea hata moja. Akahamishia waya kwenye sanduku jingine lenye programu mpya, na baada ya muda nyekundu ikarudi. Waya hazikuwa na hatia.

Kisha akayaweka yale makosa matatu bega kwa bega. Yote yalikuwa ya aina moja: laptopu imechomolewa, na kabla nusu sekunde haijapita simu imechomekwa kwenye ncha ile ile ya kebo. Simu ilipaswa kukuta kebo tupu. Badala yake ilikutana na mabaki ya volti ishirini, yanayoweza kuiunguza. Scovia akauamuru mtambo uache mengine yote, urudie badiliko hilo moja tu, harakaharaka. Kufikia saa saba mchana ulikuwa unashindwa mara moja katika kila raundi tisa.

"Injinia, njoo uone."

Cephas alikuja na kikombe cha chai mkononi. Kwenye skrini, mstari wa volti ulikuwa unateremka polepole, na kabla haujafika chini, mazungumzo mapya yalikuwa yameshaanza. Aliutazama mara tatu, nne. Chai ikapoa.

"Nilihesabu muda," alisema hatimaye. "Niliiambia isubiri kidogo halafu ifungue. Nilidhani umeme utakuwa umeisha."

"Mara nyingi huwa umeisha. Sanduku likipata joto, unachelewa."

"Na Jumatatu watu wa afya wanatungoja Homa Bay." Alijikuna kidevu. "Tubandike karatasi. Tuwaambie wasibadilishe kebo haraka."

Scovia hakubishana. Alichukua simu, akampigia Sista Mellen, muuguzi wa zahanati moja kule Lambwe aliyekuwa akitumia sanduku lao la zamani kuchajia skani ya wajawazito, inayoomba volti ishirini kama laptopu, akaweka spika.

"Sista, habari ya kazi? Niko na Injinia hapa, anakusikia. Ukimaliza kupima mama na ile skani, simu unachaji aje?"

"Na hiyo hiyo kebo," Mellen alijibu. "Tuko na moja tu. Natoa kwa skani, naweka kwa simu. Mkono mmoja, sababu ule mwingine uko kwa mgonjwa. Kwani kuna shida?"

"Inachukua muda gani?"

"Muda gani tena? Ni hivi tu: tap! Imeingia."

Cephas aliweka kikombe chini. "Sista, hiyo simu ni ya nini?"

"Ya zahanati. Ndiyo tunatumia kuita ambulensi."

"Asante, Sista," Cephas alisema. "Jumatatu hatutakuja. Tutakuja Alhamisi."

Halafu akapiga Homa Bay mwenyewe, amesimama dirishani. Scovia alimsikia vizuri. "Hapana, si barabara inayotuchelewesha. Programu yangu ina kosa. Mhandisi wangu amelipata." Miaka minne walikuwa pamoja, na neno hilo, mhandisi, hakuwahi kumwita.

Marekebisho hayakuzidi mistari kumi na miwili. Programu haikuhesabu tena muda: ilipima volti, na haikufungua mazungumzo mapya mpaka zishuke chini ya moja. Cephas aliimaliza kabla jua halijatua, kwa sababu wote wawili walikuwa Wasabato, na Sabato ilikuwa inaingia. Mlangoni akageuka, akautazama mtambo ukigongagonga swichi zake.

"Huo utafanya kazi kesho?"

"Hauna dhehebu, Injinia."

Akaenda zake akicheka.

Scovia alilifunika sanduku blanketi ili lipate joto kweli. Jumapili asubuhi alikuta raundi elfu ishirini na moja, zote kijani. Hata hivyo hakushangilia. Aliirudisha programu yenye kosa kwa saa moja, ahakikishe mtambo haujalala. Nyekundu zikamwagika. Hapo ndipo alipompigia Cephas.

Alhamisi walipitia Lambwe na sanduku jipya. Sista Mellen alikuwa akimwelekeza mama mmoja vidonge vyake. Bila kuacha kuzungumza alichomoa kebo kwenye skani, akaitia kwenye simu: tap! Scovia alikuwa ameunganisha kipima-volti kidogo kwenye kebo hiyo. Sifuri. Tano. Tisa.

"Umeona?" alimnong'oneza Cephas.

"Nimeona." Alingoja mpaka wametoka nje, kwenye gari lenye masanduku mengine. "Programu ijayo, wewe andika majaribio kwanza. Mimi nitaandika baada yako."

"Nimeshaanza," Scovia alisema, akafungua mlango wa gari.