Kibali cha Nusu Gereji

Kwa miaka mingi nimeshona nguo za watu kwenye meza ya kulia. Wanangu wamezoea kutafuna polepole, maana kwenye sahani huenda ikawamo pini. Wateja niliwapimia kando ya friji. Na muda wote huo gereji yetu nzima ilikuwa imelaliwa na gari la mume wangu, ambalo halijasogea tangu kifungua mimba wetu aanze kuota meno. Sasa ana ndevu.

"Limebakiza betri tu," mume wangu huwaambia watu. Ukimbishia, ananuna siku mbili.

Mwisho nikapiga moyo konde, nikaomba kibali cha kugawa gereji: upande mmoja gari, upande mwingine chumba changu cha kushonea. Ofisi ya ujenzi ilitaka ukuta wa kuhimili moto nusu saa, mlango unaojifunga wenyewe, na sakafu ya chumba iinuliwe sentimita kumi ili mvuke wa petroli usiingie. Yote nikayafanya, kwa ajili ya petroli ambayo haikuwepo. Ukabaki ukaguzi wa mwisho. Kabla ya hapo ni marufuku kukitumia chumba, lakini mimi nilikuwa nimeshaingiza cherehani yangu ya umeme, ile ya kiwandani, nikaifunika kwa shuka.

Mkaguzi alikuja asubuhi, mtu mwembamba, suruali imemzidi, mkono mmoja anashika kiuno na mwingine anashika fomu. Akapima ukuta na dirisha toka mlangoni kwa macho, akausukuma mlango, ukajifunga. Halafu akaligeukia gari. Akapitisha kidole juu ya boneti, kikatoka cheusi.

"Linatembea hili?"

"Lilibakiza betri tu, na juzi nimeweka mpya," akasema mume wangu.

"Nauliza kwa sababu hii ni fomu ya kugawa gereji. Kama gari ni bovu, basi hapa si gereji, ni stoo. Stoo ina fomu yake na foleni yake."

Foleni ya kwanza ilikuwa imenila miezi saba.

"Liwashe, mzee wangu, nisikie," akasema mkaguzi.

Mume wangu akaingia garini. Nilimwona ameushika ufunguo kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa, nikamwonea huruma, na hasira pia. Akazungusha. Kimya. Akafuta jasho, akajiandaa kuzungusha tena.

Nikajipenyeza chumbani, mlango ukajifunga nyuma yangu kama sheria inavyotaka. Nikavuta shuka, nikakanyaga pedali mpaka mwisho. Cherehani ile ikianza, vyombo vya jirani hucheza kabatini. Ukuta ulijengwa uzuie moto, hakuna aliyesema uzuie kelele.

"Nilisema mimi," nikamsikia mume wangu akipaza sauti. "Betri tu."

Nikaendelea kukanyaga. Kwa kuwa sikuwa na kitambaa, sindano ikalila lile shuka, kisha ikahamia kwenye upindo wa gauni langu.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mkaguzi. Akaitazama cherehani, akanitazama mimi niliyeshonewa shukani, nisiyeweza hata kusimama. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata mita tatu.

"Injini nzuri," akasema taratibu. "Inaweza kupunguza suruali kiunoni?"

"Dakika kumi tu, baba."

Akatia sahihi palepale, juu ya meza ya cherehani.

Nilipotoka na kibali changu, mume wangu alikuwa bado kwenye usukani, machozi yanamlengalenga.

"Umelisikia, mama watoto?"

"Nimelisikia," nikasema. Sikuwa na moyo wa kumwambia zaidi ya hapo.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi asubuhi anatangaza kwamba anakwenda kulipasha gari moto. Naacha kazi za watu, nakaa chumbani kwangu nakanyaga pedali dakika tano, na yeye ng'ambo ya ukuta anafuta vioo.

Jumamosi iliyopita niliamka na homa. Nikajikokota hivyohivyo mpaka gereji. Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya mlango wa chumba changu, kikombe cha chai mkononi.

"Rudi kitandani," akasema, akanifunika mabega kwa koti lake. "Leo gari lipumzike."